Mvua ya Msisi na Mstari wa Tatu

Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo bovu zaidi na kwa hiyo ndilo linaloujua ukweli wa dunia, kwamba haya yote yalitokea, na yalitokea hivi hivi ninavyoyaandika. Majina nimeyabadilisha, isipokuwa langu na ya mbuzi. Shemeji yangu Yusta amekaa hapa mbele yangu anachambua karanga, mimi namsomea ukurasa baada ya ukurasa, na sharti letu ni lile lile tuliloanza nalo tangu nilipomuoa marehemu dada yake: akinikamata na uongo, nitamchungia mbuzi wake mpaka mavuno. Mbuzi wa Yusta hawana adabu hata kidogo. Mtu mwenye akili zake hawezi kuapa mbele yao kwa mzaha.

"Soma," anasema Yusta. "Goti tumelisikia."

Basi. Ilikuwa miaka ile mawingu yalipoanza kupewa anwani.

Wingu likipanda kutoka Ziwani lilikuwa limeshanyunyiziwa vumbi la vidude vidogo kuliko chavua, na vile vidude vilikuwa vinaongea. Kabla wingu halijafika popote lilitanguliza pakiti zake za maneno: ninatoka wapi, ninakwenda kwa nani, nimebeba mzigo gani, naomba kuingilia mlango upi. Pakiti hizo zilifika kwenye ruta, mashine ya kuamua nani apite na nani azuiwe, iliyokuwa juu ya kilima chetu, pale kwenye pengo tunaloliita Mlango wa Upepo. Ruta ikikubali, minara ya joto ililisukuma wingu likapita kuja kwetu. Ikikataa, haikutoa hata jibu. Wingu lilibaki nyuma ya kilima likiuliza, likiuliza tena, mpaka lichoke au lichanike.

Mwaka ninaousimulia, mawingu ya kwenda Bonde la Msisi yalikwama nyuma ya kilima tangu mwanzo wa msimu. Yalipanga foleni hadi ya nyuma yakaanza kuota ukungu mgongoni. Moja lilikuwa linakoroma, na watu wa mjini walianua nguo za watoto wakaziingiza ndani wakidhani ni radi. Nilipanda kuliangalia mwenyewe. Lilikuwa limelala.

"Wingu limelala," anasema Yusta.

"Chali."

"Endelea, shemeji. Hilo nakuachia, maana halinihusu. Mimi nangoja ufike kwenye mtama wangu."

Mtama wake ndio kisa chenyewe. Msisi walikuwa wamepanda mara mbili na mara mbili mbegu ikaungua ardhini. Mbegu ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, ile ya kwenye kibuyu cha jikoni, na ilikuwa imeshachomoza majani mawili mawili yenye rangi ya karatasi ya zamani. Serikali ya mtaa ilikuwa imeshawaambia: mtama huu ukifa, malori yatakuja kuwahamishia kwenye mabanda ya huko barabara kuu, na bonde litafungwa. Yusta alikuwa amezika mume na wazazi katika bonde lile. Alisema hapandi lori lolote.

Mimi nilikuwa naishi upande wa pili, kwenye Skimu ya Alizeti, na shamba langu la mstaafu lilikuwa linapata mvua kama mtoto wa mwisho anavyopata maziwa. Nilikuwa nasimama katikati ya alizeti zangu nimeloa, natazama bonde la shemeji yangu lile pale, jeupe kama mfupa, umbali wa kuweza kumwita mtu kwa sauti. Nilikuwa nashikwa na hasira hadi nasahau kuvaa kofia.

*

Ruta ile alikuwa anaitunza Injinia Perpetua Msengi, binti wa watu wa mjini pale, mwembamba, msomi hasa, ambaye hakupenda kelele wala sukari kwenye chai. Mimi nilikuwa fundi redio maisha yangu yote, na mambo ya ruta nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu nilichokuta kimefungiwa vitumbua. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa pamoja na vitumbua. Kwa hiyo nilijua mengi lakini sikujua yanaishaje, na kila asubuhi nilipanda kilimani kumuuliza Perpetua yanaishaje.

"Mzee Kingu," aliniambia siku moja, "leo umekuja na swali au umekuja na Msisi?"

"Nimekuja na Msisi, mwanangu."

Akasukuma kiti cha pili kwa mguu. Akaniwashia kioo cha kompyuta.

"Soma kwa sauti," alisema. "Kutoka juu. Usiruke."

Nikasoma. Ilikuwa orodha ya ruhusa, na si ile ya kawaida, ambayo humtazama mtumaji tu na kumkataa au kumkubali pamoja na ukoo wake wote. Hii ilikuwa orodha pana. Inamuuliza mgeni kila kitu: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, unaingilia mlango gani. Ndiyo maana waliiweka hapo kilimani, karibu na mawingu yanakotoka, ili lisiloruhusiwa lizuiwe mapema lisichoshe minara kwa safari ya bure.

Mstari wa kwanza ulisema: kataa mvua ya mawe, kutoka popote, kwenda popote.

Wa pili: ruhusu mvua ya kupandia, kutoka Ziwani, kwenda Skimu ya Alizeti, mlango wa asubuhi.

Wa tatu: kataa kila kitu, kutoka popote, kwenda Bonde la Msisi.

"Huu wa tatu nani kauandika?" niliuliza.

"Uliandikwa mwaka wa mafuriko, daraja la Msisi lilipochukuliwa. Wa muda tu. Aliyeuandika alihamishwa kabla maji hayajakauka."

"Na hawakuufuta."

"Endelea kusoma, mzee. Ndio kwanza unaanza kukasirika."

Nikaendelea. Chini ya mistari ya skimu nyingine na ya bwawa, nikaukuta: ruhusu mvua ya kupandia, kutoka Ziwani, kwenda Bonde la Msisi. Chini yake, mwingine ule ule. Chini yake, mwingine. Ruhusa juu ya ruhusa, kama mashati yaliyofuliwa na kurundikwa bila mtu wa kuyavaa.

"Lakini wameruhusiwa," nilisema. "Hapa. Na hapa. Na hapa tena."

"Ruta inasoma kama ulivyosoma wewe, kutoka juu," alisema Perpetua. "Ikikuta mstari wa kwanza unaofanana na mgeni aliyesimama mbele yake, inafanya unavyosema mstari huo na kufunga kitabu. Haisomi tena. Wingu la Msisi linafika mstari wa tatu, linakataliwa, basi. Hayo mashati yako ya chini hayajawahi kusomwa na ruta hata siku moja. Wewe ndiye msomaji wao wa kwanza."

"Na asiyeandikwa popote?"

"Amekataliwa. Mwisho wa kila orodha kuna kataa ya kila kitu ambayo haiandikwi. Haionekani, ila ipo."

"Basi ufute wa tatu."

Akanitazama kama mwalimu aliyengojea swali hilo tangu asubuhi na sasa hana hamu nalo. Ruta ile ilikuwa ya zamani, alisema. Ukiiambia ifute mstari mmoja, inafuta orodha nzima. Ili ubadilishe kitu inabidi uandike orodha mpya kando kisha uzibadilishane, na ufunguo wa kubadilishana ulikuwa makao makuu. Yeye alikuwa na haki mbili tu: kuongeza mstari, ambao siku zote unakwenda kukaa chini kabisa, na kuizima na kuiwasha.

Nikampigia simu afisa wa makao makuu, pale pale, kwa simu ya kituo. Jina lake Bwana Ladislaus. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu aliyekula kwa wakati.

"Mzee wangu," alisema, "Msisi naiona hapa. Ombi limetekelezwa. Limetekelezwa mara nyingi, kwa kweli. Nadhani hakuna kijiji kilichoruhusiwa kuliko Msisi."

"Mvua haijafika, bwana."

"Sawa, ila mvua si idara yetu. Idara yetu ni ruhusa."

"Ruhusa yenyewe iko chini ya katazo."

"Iko chini kwa sababu ndiyo mpya. Kitu kipya kinakaa chini ya cha zamani, ndio utaratibu. Au unataka tuwe tunapachika vitu katikati ya kazi za watangulizi wetu?"

"Nataka mfute mstari wa tatu."

"Hilo linakwenda kwenye kikao."

"Kikao lini?"

"Msimu wa mvua ukiisha. Msimu wenyewe, kama unavyojua, tunakuwa na kazi nyingi."

Nilirudisha simu mahali pake taratibu sana, kwa sababu ilikuwa mali ya umma na mkono wangu ulikuwa na mipango mingine. Perpetua alinimiminia chai. Ilikuwa haina sukari, nikainywa hivyo hivyo, na hasira yangu ikapata ladha yake kamili.

*

"Hapo kwenye simu sikukatizi," anasema Yusta, anapeperusha maganda ya karanga. "Hapo najua ni kweli, maana nami nilimpigia. Aliniita mama yangu mzazi."

Sasa kuna desturi moja ya mafundi wa ruta ambayo lazima niieleze. Mtu anayegusa orodha ya ruta anaweza kuandika mstari unaomkataa yeye mwenyewe. Akibonyeza tu, mlango unafungwa naye yuko nje, na ruta haimjui tena. Imewatokea wengi, na wote hawapendi kuizungumzia. Kwa hiyo kabla hawajagusa chochote, wanaitegea ruta kengele: baada ya dakika kumi, jizime na ujiwashe. Ikijiwasha inasahau ulichoandika sasa hivi na kurudi kwenye orodha iliyohifadhiwa. Ukiona mambo yamekwenda vizuri, unaifuta kengele kabla muda haujafika, unahifadhi, unakwenda kunywa chai. Perpetua hakuwahi kugusa ruta bila kutega kengele, na hakuwahi kusahau kuifuta. Nilimwona kwa macho yangu siku zote nilizokaa pale.

Ruta ile ilikuwa na tabia moja zaidi. Ikiamka, kabla haijaisoma orodha yake, inapitisha kila kitu, kama mlinzi anayepiga miayo huku lango liko wazi. Huwa ni muda mfupi. Lakini mawingu yaliyokuwa nyuma ya kilima yalikuwa yamesubiri kwa muda mrefu, na yasingehitaji kukaribishwa mara mbili.

Bwana Ladislaus alipiga simu asubuhi moja, akiwa na furaha. Kwa kusikia kilio cha wananchi, alisema, Msisi iongezewe ruhusa nyingine. Mstari mwingine. Leo leo.

Perpetua aliweka simu chini akakaa akiangalia mikono yake.

"Izime uiwashe," nilimwambia.

"Nilijua utasema hivyo."

"Basi nimesema."

"Nyuma ya kilima hakuna mvua ya kupandia peke yake, mzee. Kuna mawe ya mwezi mzima. Mstari wa kwanza ndio unaoyashika. Nikiliacha lango wazi, yanaingia yote. Alizeti zimechanua. Za kwako, za mama yangu, za watu ambao hawajamkosea mtu. Watu wa Msisi nao yatawapiga. Nani kanipa mimi haki ya kuchagua nani apigwe?"

"Orodha imechagua kila siku tangu msimu uanze," nilisema. "Imechagua Msisi. Hakuna aliyeiuliza nani kaipa haki, kwa sababu inachagua kimya kimya na haina uso."

"Na mimi nina uso."

"Ndiyo."

"Na kazi, mzee Kingu. Na mama."

Nilitazama dirishani. Upande mmoja alizeti zote zilikuwa zimegeuza vichwa kuangalia jua, manjano mpaka zinaumiza macho, zikiwemo zangu. Upande wa pili kulikuwa na Msisi, na mtu mmoja mdogo kwa umbali anatembea kwenye shamba jeupe na ndoo, anainama, anatembea, anainama. Alikuwa ananyweshea shina moja moja kwa maji ya kunywa.

"Ni Yusta yule?" aliuliza Perpetua.

"Ndiye. Anatembea hivyo akiwa na hasira."

Perpetua akavuta kibodi. Akatega kengele, kama kawaida yake. Akaandika mstari wa Bwana Ladislaus, ukaenda kukaa chini kabisa na wenzake. Kisha, kama kanuni ya kazi inavyodai, akaifuta kengele. Akachukua chupa ya chai akatoka nje kuisuuza.

Na hapo ndipo mimi, Kingu, mstaafu, niliyejifunza mwenyewe, nilipokalia kiti chake. Nikakunja mikono ya shati. Nikaandika chini kabisa ya orodha ile mstari ambao haujawahi kuandikwa na injinia yeyote: ruhusu kila kitu, kutoka popote, kwenda Msisi, na mwenye moyo asome. Nikabonyeza. Ruta ikanyamaza. Taa zake zikawa nyekundu, nawaapieni, kwa aibu. Halafu nikasikia nyuma ya kilima lile wingu lililolala linapiga chafya, linaamka, na mawingu ya Msisi yanaanza kupita juu ya paa moja baada ya jingine, mengine yakiniinamishia kichwa, na mvua ikashuka bondeni kama

*

"Simama hapo," anasema Yusta.

Ameacha karanga. Hiyo ni dalili mbaya.

"Wingu kupiga chafya?" namuuliza. "Hilo naweza kulipunguza."

"Chafya haina shida. Huo mstari wako wenye moyo, uliuandika wapi?"

"Chini kabisa. Si nimesoma?"

"Chini ya wa tatu."

"Chini ya yote, shemeji. Mahali pengine huwezi."

"Na umenisomea mwenyewe, kurasa mbili nyuma, kwamba ruta ikifika wa tatu inafunga kitabu. Sasa ikausomaje wa kwako? Ilishikwa na huruma ikafungua tena?"

"Kwa kweli ndivyo ilivyo..."

"Subiri, sijamaliza. Siku ile mvua iliponifikia, nilikuwa shambani na ndoo. Ilikuja na mawe kama mayai ya kanga. Yalinivunjia chungu cha kupikia na mtungi wa maji, na hili hapa." Anasogeza kilemba, ananionyesha kovu dogo juu ya jicho, ambalo nalijua vizuri. "Mstari wako uliruhusu Msisi. Haya mawe nani kayaruhusu? Mstari wa kwanza si unayakataa kutoka popote kwenda popote? Na alizeti zako wewe zilizovunjika shingo shamba zima, zikabaki miti mitupu, nazo zilikuwa Msisi?"

Nageuza ukurasa. Hauna kitu upande wa pili.

"Ili mawe na mvua vipite pamoja, huku na kule," anasema Yusta polepole, kama anayefumua ukili, "orodha yote ilikuwa haisomwi. Lango lilikuwa wazi. Na lango huwa wazi ruta ikijiwasha. Nayo hujiwasha kengele ikifika." Ananiangalia. "Shemeji. Binti Msengi aliifuta ile kengele?"

"Nimeandika kwamba aliifuta."

"Nimesikia. Apa."

"Nimeshaapa mwanzoni."

"Uliapa kwa goti bovu kwa mambo yote kwa jumla. Sasa apa kwa hili moja. Kwa kaburi la dada yangu. Sema aliifuta."

Kuku anapita kati yetu, anadonoa ganda, anaondoka.

Wakaguzi walipokuja kilimani mwaka ule, Bwana Ladislaus mwenyewe akiwa amevaa buti mpya, niliwakuta wanamhoji Perpetua. Niliingia nikawaambia ni mimi, Kingu, nilikaa kwenye kiti kisicho changu nikachezea kibodi. Walinigombeza mchana kutwa. Walinipiga marufuku kupanda kilima kile, na mpaka leo nikitaka kuuona Mlango wa Upepo nauangalia kutoka chini. Lakini mstaafu hafukuzwi kazi. Hana mahali pa kufukuzwa. Nimekirudia kisa changu tangu hapo kila mahali, nikikiongezea chafya na aibu, ili kikue kiwe kikubwa mtu asione kilicho nyuma yake.

"Kwa hiyo alisuuza chupa ya chai," anasema Yusta, "huku anajua."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Aliisuuza muda gani?"

"Chupa ile ilikuwa chafu sana," nasema.

Yusta anacheka bila sauti, mabega tu. Kisha anaacha kucheka na kufuta macho kwa pembe ya kanga. Mtama wa mwaka ule ulisimama. Malori yalikuja yakarudi matupu. Anaokota fimbo iliyoegemea ukuta, ile ya mti wa mkole, ananikabidhi kwa mikono miwili kama anayenipa zawadi.

"Mbuzi wapo nyuma ya nyumba," anasema. "Yule mwenye pembe moja anauma."

"Shemeji, goti langu."

"Goti lako limeapa uongo. Litembee."

Nimekwenda nao hadi mpakani, kwenye matope, kwa sababu siku hizi Msisi kuna matope ya kutosha. Mwenye pembe moja ameshanilia kifungo cha shati. Wengine wawili wamevuka mtaro kuelekea alizeti za watu na mimi nimesimama katikati, sijui nimfuate nani, nawatukana kwa majina yao halisi.

Perpetua anapita njia ya juu, anatoka kazini, viatu mkononi. Anasimama.

"Mzee Kingu. Umefanya nini tena?"

"Nimekamatwa na uongo."

"Upi?"

"Kwamba uliifuta."

Anawatazama mbuzi. Halafu anaviweka viatu vyake juu ya jiwe, anakunja sketi, anaingia kwenye matope upande wa pili wa kundi na kuanza kuwarudisha.